Fundi wa Bure Haambiwi

Fundi wa kulipwa unaweza kumgombeza. Akichelewa unampigia simu unampa maneno yake, akiharibu unamwita mwingine, yamekwisha. Fundi wa bure utamwambia nini? Utamwambia asante. Mimi nimemwambia mtu mmoja asante kwa miaka kumi na miwili, na kuna siku nilikuwa naisema huku nimeuma meno.

Sisi tulimwita Mzee wa Maji. Kazi yake ilikuwa mabomba tangu ujana, na alipostaafu akasema ujuzi wake sasa ni wa Mungu na watu. Akaugawa kweli. Alihudumia misikiti miwili, shule ya watoto wadogo, kikundi cha wamama wakaushaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, na sisi. Sisi ni chama cha akina mama tunaoendesha dispanseri ndogo pembeni ya mtaa wa Nyakabiga, ya wajawazito na watoto, vitanda sita, katika nyumba ya zamani tuliyoachiwa na familia moja ya wafanyabiashara wa mtaa wa Asiatique. Mimi ndiye katibu. Yeye aliniita Sekretera, hata mbele ya mume wangu, utadhani sina jina.

Saa yake alikuwa anaijua mwenyewe. Ukimwambia Jumanne saa tatu, ujue atakuja Alhamisi saa tano, siku ya chanjo, ua umejaa watoto wanaolia na akina mama wanaogombania kivuli. Anaingia bila hodi, ana fimbo yake ya mti mgumu, ncha moja imechongwa ikawa na shimo la kutosha sikio. Hakusalimia mtu kabla ya kufanya kazi. Anasimamisha fimbo chini, anaweka sikio juu yake, anafumba macho, halafu anainua mkono. Hapo ndipo tabu ilipoanza, maana ule mkono maana yake wote tunyamaze.

“Nyamazeni! Maji iko nasema.”

Basi tunanyamaza. Watoto tunawapa ziwa. Redio inazimwa. Mmoja wetu anakwenda kwa jirani kumbembeleza azime mashine ya kusaga unga, na jirani anazima huku anatutukana kwa Kirundi kwa sauti ya chini. Siku moja ndani kulikuwa na mwanamke katika uchungu, analia kwa haki yake. Mzee akanitazama kwa hasira.

“Sekretera, mwambie angoje kidogo.”

“Mzee, uchungu hauna kungoja.”

“Na mi ningoje? Mi niko mutu wa kungoja?”

Yule mama, alhamdulillahi, akapumua kidogo, ua ukawa kimya kama msikitini. Mzee akasogea hatua moja, akasogea nusu, akagonga ardhi kwa kidole gumba cha mguu. “Apa.” Tukachimba mpaka magotini, na ufa ulikuwepo palepale, maji yanachuruzika. Siku hizo sikio lilikuwa sikio. Sitaki mtu adhani namdharau. Nimeona mafundi wenye mashine wakichimba barabara nzima kutafuta kile ambacho yeye alikipata kwa fimbo na ukimya wa dakika tano.

Nauli hakuchukua. Alikuja kwa miguu kutoka Asiatique, jua la saa saba, na alichokubali ni chai ya tangawizi tu, iwe kwenye glasi, ukimletea kikombe anakirudisha. Mwaka wa pili, mwenyekiti wetu Mama Hadija alimtilia kitu kidogo kwenye bahasha, kwa nia njema kabisa. Bahasha ikarudi siku ileile, imeletwa na mkewe, na Mzee hakukanyaga kwetu miezi mitatu. Miezi mitatu! Bomba la chumba cha kuzalisha linavuja, ndoo chini yake, na sisi tunapeana zamu za kwenda kumwomba msamaha kwa kosa la kumshukuru. Nilijiuliza, sadaka gani hii yenye kinyongo?

Lakini si kwamba pesa hakuzijua. Mkubwa mmoja wa Kigobe, mtaa wa wenye nacho, alimpelekea gari, maji yalikuwa yanapotea chini ya bustani yake na hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Mzee akaenda, akayapata kabla ya adhuhuri, akataja bei iliyomfanya yule mkubwa akae chini. Alitaka alipwe kabla hajaonyesha mahali. Nilipomuuliza kwa nini sisi bure na yule vile, alinijibu huku anapuliza chai yake.

“Wa Kigobe anaweza kununua sikio yangu. Nyinyi hamuwezi. Basi mutaiomba tu.”

Mtu mwingine angesikia upole katika neno hilo. Mimi nilisikia kamba shingoni.

Na kuna jambo lililoniudhi kuliko yote. Alihubiri kila siku kwamba elimu haiuzwi, elimu ni amana, mwenye kuificha ataulizwa siku ya kiyama. Sawa. Lakini yeye mwenyewe hakumfundisha mtu. Kila aliyeletwa kujifunza alimwekea fimbo sikioni mara moja, akamuuliza amesikia nini, akamrudisha kwao. “Huyu hana sikio. Iko na vibandiko viwili tu pembeni ya kichwa.” Ramani ya mabomba ya nyumba yetu ilikuwa kichwani mwake peke yake, kwa sababu ni yeye aliyeyalaza zamani, alipokuwa fundi kijana wa yule tajiri mwenye nyumba. Laini hiyo ya maji ilikuwa ya mtu binafsi, haikuandikwa popote. Nilinunua daftari kubwa, rula na kalamu za rangi, nikamwandalia na meza.

“Mzee, tuchoree. Kidogo tu. Bomba linapita wapi, vane iko wapi.” Vane, kwa asiyejua, ni ile koki kubwa iliyozikwa chini, ya kufunga na kufungua maji ya nyumba nzima.

“Kichwa yangu imeoza?”

“Hapana, Mzee. Lakini...”

“Lakini nini? Lakini nikifa? Sema.”

Nilitakiwa kusema ndiyo. Ndiyo, Mzee, utakufa, sisi sote tutakufa, na watoto wataendelea kuzaliwa hapa na watahitaji maji. Nikasema, “Mungu akupe umri mrefu.” Akaridhika, akamaliza chai. Daftari lile tuliliandikia majina ya chanjo.

Sasa nifike kwenye lile ninaloona aibu kulisema.

Siku moja alikuja, kama kawaida yake, Alhamisi. Mashine ya jirani ilikuwa inasaga, watoto wanalia, redio inaimba. Akasimamisha fimbo, akaweka sikio, akafumba macho. Mkono haukuinuka. Nilisimama mlangoni nangoja ule mkono, tayari nimemtuma mtu kwa jirani. Haukuinuka. Akafanya kazi yote ndani ya zile kelele, akagonga ardhi kwa kidole gumba, akasema “Apa,” akaketi kungoja chai. Nikamwelewa palepale. Hakuomba kimya kwa sababu kwake kimya kilikuwepo tayari.

Tukachimba alipoonyesha, pakavu kama mkate wa juzi. Mama Hadija akanitazama, mimi nikatazama udongo. Mzee alikuwa amegeukia upande wa pili anapuliza glasi yake. Mama Hadija akaninong’oneza, kama kwamba kulikuwa na haja ya kunong’ona, “Tumwambie nini?” Nikasema, “Tumwambie tumepata.”

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Nilijiambia ni heshima. Mzee wa umri ule, aliyetutumikia bila senti, utamwambiaje hadharani kwamba umekwisha? Tukafukia lile shimo. Jioni tukamwita Saidi, fundi wa Bwiza, fundi wa kulipwa, akapata ufa upande wa jikoni. Keshoye tukampelekea Mzee kilo moja ya nyama, kumshukuru kwa ufa ambao hakuupata.

Uongo wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili ulikuwa mwepesi. Baada ya hapo ikawa ndiyo kawaida yetu. Mzee anakuja, anagonga ardhi, tunachimba mbele yake kidogo kwa adabu, anakunywa chai, anaondoka, anaitwa Saidi. Kisha nikaja kugundua, kwa kuzungumza na watu wa msikitini na walimu wa ile shule, kwamba hata wao walikuwa wanafanya vilevile, kila mmoja na Saidi wake. Mji mzima unachimba mashimo ya heshima. Na kwa kuwa kila alipogusa alisikia “umepata, Mzee, mashallah,” naye alizidi kuliamini lile sikio. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tulimsifu mgema aliyekuwa hata mnazi hauoni tena.

Mwaka jana tulimfanyia karamu. Wamama walipika pilau, imamu akasoma dua, tukamvisha kanzu mpya nyeupe ya kumshukuru kwa utumishi wake. Mimi ndiye niliyesoma risala. Nilisema, mbele ya watu wote, kwamba sikio la Mzee ni hazina ya mji huu. Watu wakapiga makofi, na Saidi alikuwa amekaa nyuma anakula.

Tukaongeza na kosa la baraza. Tulitaka baraza la saruji mbele ya nyumba, akina mama wasikae kwenye vumbi wakingoja zamu. Tulijua tukimwambia Mzee atakuja na fimbo yake na kusema hapa msimwage, pale msimwage, na tutazunguka wiki nne. Basi tulingoja akaenda Rumonge kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake. Siku mbili, baraza likakauka. Aliporudi alilikanyaga, akasema ni zuri, hakuuliza.

Kiangazi cha mwaka huu maji yakaanza kutukimbia. Kwanza bomba likawa linatoa kidogo, halafu uzi, halafu matone. Barabarani maji yalikuwepo tele, majirani wanaosha hata pikipiki. Saidi akakagua, akasema kitu kimeziba ndani ya ua wetu, na kwa umri wa nyumba hii hakika ni ile vane, imeliwa na kutu. “Munionyeshe iko wapi, naibadilisha kwa saa moja.” Kulifuata bomba kutoka barabarani hakuwezekani, linapita chini ya nyumba ya jirani. Kuomba laini mpya ni miezi. Tukawa tunabeba maji kwa mabido, yale madumu ya plastiki, akina mama wazito na mabido, na mkunga wetu ananawa kwa kata. Watu wa afya wakaja kukagua. Wakafungua bomba, wakatazama yale matone, wakatupa wiki mbili. Bila maji ya bomba, walisema, msizalishe mtu hapa. Walikuwa na haki, na mimi mwenyewe nisingependa binti yangu ajifungue pale.

Mtu mmoja tu duniani alijua vane iko wapi. Tukamwita. Akaja, ajabu, siku ileile. Akaja na fimbo.

Nikamwambia kwa sauti, “Mzee, vane uliizika wewe. Kumbuka tu. Iko wapi?”

“Kukumbuka? Kichwa ya muzee inadanganya, Sekretera. Sikio haiwezi kudanganya. We mwenyewe ulisema siku ile ya pilau.”

Ardhi ingenipasukia ningeingia. Akaweka sikio, akagonga karibu na jiko. “Apa.” Tukachimba, pakavu. Tukamwambia pakavu kwa kufunika funika, “bado kidogo, Mzee.” Akagonga karibu na mparachichi. Tukachimba, pakavu. Siku tatu tulichimba, ua ukawa kama umeingiliwa na panya wakubwa, na yeye kila akigonga ana uhakika zaidi. Kumbukumbu alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba hakuiuliza, kwa sababu sisi tulikuwa tumemwaminisha kwamba ana kitu bora kuliko hiyo. Zilibaki siku nne.

Nilikwenda kwake Asiatique baada ya alasiri. Anakaa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake, ukuta mmoja tu unamtenga na wateja. Mkewe akanikaribisha, akaniwekea kiti. Mzee alikuwa kwenye mkeka na ile kanzu yetu. Ukweli mwingine watu huunong’ona. Huu wangu haukuwa na namna hiyo.

“Mzee, sikio lako halisikii tena.”

“Eh?”

Nikapaza sauti. “Sikio lako, Mzee! Limekufa!”

“Sema kwa nguvu, binti.”

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele mpaka dukani watu wakaacha kuulizana bei ya misumari, nikasikia kile kimya chao kupitia ukutani. Mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Mzee akaanza kuuliza, polepole.

“Tangu lini?”

“Miaka miwili.”

“Ile ufa ya jikoni?”

“Alipata Saidi.”

“Na ya kwenye tanki?”

“Saidi.”

“Na kule msikitini? Na shuleni?”

“Wana mafundi wao, Mzee. Wote wanajua.”

Akashika ukosi wa kanzu. “Na hii? Mulinipa ya nini?”

“Ya heshima.”

“Heshima!” Alilitema neno. “Sikia, Sekretera. Kule kazini nilikuwa na shefu mubaya, mutu wa matusi. Lakini siku nikikosea, aliniambia siku ileile. Ju ya nini? Ju alikuwa ananilipa. Nyinyi, kama mungelikuwa munanilipa, mungelinifukuza. Mungelinifukuza, ningelijua. Miaka miwili nazunguka mu mji na kafimbo, watu wananicheka ndani ya chai yangu.”

“Hakuna aliyekucheka, Mzee.”

“Afazali mungenicheka.”

Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira, na sehemu ya ile hasira ilikuwa juu yake, nisiseme uongo tena. Nani aliyeturudishia bahasha? Nani aliyesusa miezi mitatu kwa neno dogo? Alitufundisha yeye mwenyewe kwamba haambiwi, sisi tukawa wanafunzi wazuri. Nilimwambia hivyo, kwa kelele ileile. Mkewe, chini ya mtandio, akasema, “Kweli,” na Mzee hakumsikia.

Akaniuliza, “Na leo unaniambia ju ya nini? Ju unanionea huruma, ao ju maji yameisha?”

Ningeweza kusema huruma. Lilikuwa mdomoni tayari.

“Ju maji yameisha, Mzee.”

“Iyo sasa ni ukweli.” Akafumba macho, safari hii bila fimbo. “Tajiri alisimama juu yangu na mwavuli. Alitaka vane ikae mahali bibi yake anaiona toka dirisha, watu wasimfungie maji. Dirisha ya pili. Toka ukuta wa jirani, hatua saba. Hatua zangu.” Akafumbua macho. “Apo kuko nini sasa?”

“Baraza.”

“Mulimwaga lini?”

“Ulipokuwa Rumonge.”

Akatikisa kichwa, akakitikisa tena. “Vunjeni. Mukikuta kavu, nani atakuja kuniambia?”

“Mimi.”

“Apana kutuma mutu. We mwenyewe.”

Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, Saidi akaja na nyundo kubwa. Tukapima hatua saba kutoka ukuta wa jirani, usawa wa dirisha la pili, tukavunja baraza letu zuri. Tukachimba mpaka kiunoni, pakavu. Udongo mwekundu, hata mawe hakuna.

Mama Hadija akaketi kwenye vifusi. “Masikini Mzee. Usimwambie. Tumwambie tumepata.”

Kha! Nilimgeukia mwanamke yule, rafiki yangu wa miaka ishirini, nikamwambia maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. “Tumwambie tumepata, halafu mkunga atanawa kwa nini Jumatatu? Kwa adabu yetu?” Nikachukua mtandio, nikaenda Asiatique kwa miguu, natembea kwa hasira.

Aliponiona mlangoni alinyanyuka kabla sijafungua mdomo. “Umekuja.”

“Pakavu, Mzee! Hatua saba, dirisha la pili, mpaka kiunoni. Pakavu!”

Nilitegemea aumie. Badala yake uso wake ukaamka, ukawa uso wa fundi aliyeletewa kazi. Akamwita mkewe amletee viatu.

“Mulipima toka ukuta gani?”

“Wa jirani.”

“Ile ya matofali mekundu?”

“Ule ulianguka na mvua. Alijenga mpya wa saruji.”

“Mahali ileile?”

Nikafikiri. Nikaona uso wa jirani, na fundi wake akiweka uzi, na sisi tumesimama tunatazama. “Aliusogeza kwetu.”

“Hatua ngapi?”

“Kama mbili.”

“Na mulisema nini?”

“Hatukusema kitu. Ni jirani, anatuzimia mashine.”

Mzee akanitazama, akatazama dari. “Yampaye inka,” akasema, kiapo cha Kirundi cha mtu aliyeshangaa. “Nyinyi watu mutakufa na adabu yenu.”

Alikuja na mikono mitupu. Hakusikiliza ardhi. Alisimama kwenye kona ya nyumba, ambayo haikusogea, akahesabu hatua kwa sauti, akageuka, akahesabu tena, akaniuliza mimi kila mara, “Ni sawa? Niko usawa wa dirisha?” Mara moja nikamwambia siyo, amekwenda kushoto, na akarudi kulia bila kununa. Saidi akavunja kipande kingine cha baraza. Chuma kiligonga chuma kabla shimo halijafika magotini.

Ile vane ilikuwa donge la kutu. Saidi aliikata, akaweka mpya, akakaza, akafungua. Tukakimbilia ndani, kwenye chumba cha kuzalisha. Bomba likakohoa, likatema maji mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe, kwa nguvu, yanapiga sinki na kuturukia. Akina mama walipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta wake.

Mzee alikuwa amebaki mlangoni. Miaka yote ile hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba kile, alisema si mahali pa mwanamume, mabomba ya ndani aliyaongoza akiwa nje. Alikuwa anatazama vinywa vyetu, anatafuta kilichotokea.

Nikamwendea, nimelowa kifua. “Yanatoka, Mzee! Kwa nguvu!”

Akaniangalia machoni, anatafuta uongo. Mama Hadija naye akaja nyuma yangu, anacheka, anatikisa kichwa, “Yanatoka, Mzee, wallahi!” Akamwangalia naye vilevile, kwa muda sawa na wangu.

Akavua viatu, akatupita katikati, akaingia, akaweka mkono wake chini ya bomba. Akauacha pale mpaka shati likalowa hadi kwenye kiwiko.